Koti la Mtumba: kuingia fasihi ya dunia kwa mlango wa Gogol

Kijana mmoja aliyekuja kufanya mazoezi ya kazi kwenye chumba chetu cha habari aliniuliza swali ambalo nimeshaulizwa mara nyingi: "Kaka, nataka kusoma fasihi ya dunia. Nianzie wapi?" Tayari alikuwa na orodha kwenye simu, kaiokota mtandaoni. Ufaransa kitabu kimoja, Urusi kimoja, Uingereza viwili, Colombia, Japani, Nigeria. Kila nchi imeleta mwakilishi wake, kama timu zinazopangwa makundi ya Kombe la Dunia. Nikamwambia aifute.

Alinitazama kama mtu niliyemnyang'anya chakula. Lakini orodha za namna hiyo zina kasoro ambayo huwezi kuiona mpaka umezifuata miaka kadhaa, kama nilivyozifuata mimi nikiwa chuo. Zinakufanya usome kila kitabu kama balozi. Unamaliza riwaya ya Kijapani ukidhani umeijua Japani, unamaliza ya Kinigeria ukidhani umewaelewa Waigbo, halafu unapiga tiki na kuhamia nchi nyingine. Vitabu havikutani. Na jambo baya zaidi: katika orodha hizo Mzungu husomwa kama binadamu, sisi wengine tunasomwa kama ushahidi. Hamlet ni "mtu anayesitasita", Okonkwo ni "utamaduni wa Waigbo". Kwa nini Okonkwo naye asiwe mtu tu anayeogopa kufanana na baba yake?

Mwaka 1827 Goethe, akiwa mzee wa miaka 77, alimwambia msaidizi wake Eckermann kwamba zama za fasihi ya taifa moja moja zinapita na kwamba wakati wa fasihi ya dunia umewadia. Mara nyingi tunalinukuu wazo hilo tukisahau lilitoka wapi. Mzee alikuwa anasoma riwaya ya Kichina. Aliisoma kwa tafsiri, maana Kichina hakujua, na kilichomshangaza ni jinsi watu wa kwenye kitabu kile walivyofikiri na kuhisi karibu sawa na yeye. Yaani wazo lenyewe la fasihi ya dunia lilizaliwa kwa mtu aliyeshika kitabu kilichopitia mikono mingine kabla ya kumfikia. Mtumba, kwa lugha yetu.

Sisemi mtumba kwa dharau. Mtu aliyekulia Dar au Nairobi anajua kwamba koti lililovaliwa Ulaya linaweza kufika Karume au Gikomba likapata maisha bora kuliko ya kwanza, ila lazima lipitie kwa fundi. Fundi atapunguza mabega, atapandisha mikono, atabadilisha vifungo. Likitoka hapo ni lako. Ndiyo maana nilimwambia yule kijana: achana na nchi, fuata koti. Tena koti halisi, lile lililoandikwa na Nikolai Gogol na kuchapishwa mwaka 1842.

Gogol mwenyewe anaanza kuivuruga orodha. Umweke taifa gani? Alizaliwa mwaka 1809 katika jimbo la Poltava, Ukraine ya leo, na hadithi zilizompa jina mwanzoni zimejaa vijiji, mashetani na sherehe za Kiukraine. Lakini aliandika kwa Kirusi, akafanya kazi ya ukarani kwa muda mfupi St Petersburg, na Warusi wanamhesabu kuwa baba wa nathari yao. Leo, na vita vilivyopo, kumgombania si mchezo tena. Sina haja ya kuamua kesi hiyo hapa. Itoshe kusema kwamba mtu tunayetaka kumtumia kama mlango wa fasihi ya Kirusi ana mguu mmoja nje ya mlango huo.

Hadithi yenyewe ni fupi, unaimaliza kwa jioni moja. Akaky Akakievich ni karani wa kunakili nyaraka, mshahara wake rubles 400 kwa mwaka. Hana mke, hana rafiki, wenzake ofisini wanamfanyia utani na kumwagia vipande vya karatasi kichwani. Kazi yake anaipenda. Kuna herufi anazozipenda kuliko nyingine na akizifikia uso unamng'aa. Tatizo ni baridi ya St Petersburg na koti lake lililochakaa mpaka unaona upande wa pili. Anampelekea fundi Petrovich, mlevi mwenye jicho moja, ambaye anakataa katakata kulitia kiraka: kitambaa kimekwisha, ukigusa sindano kinachanika. Lazima koti jipya. Kuanzia hapo Akaky anaacha chai ya jioni, haiwashi mishumaa, anatembea kwa kunyata ili soli zisiishe haraka. Miezi inapita. Koti linakamilika, analivaa, wenzake wanampongeza, anaalikwa kwenye karamu kwa mara ya kwanza. Usiku huohuo akirudi nyumbani, wahuni wanamvua koti katikati ya uwanja mtupu.

Anakwenda polisi, hasaidiwi. Anashauriwa kumwona mtu ambaye Gogol hampi jina, anamwita tu kwa cheo cha kuwa mtu muhimu. Tafsiri za Kiingereza nilizosoma hapa zinahangaika, zinaweka herufi kubwa, zinatafuta kejeli. Kiswahili hakina shida hata kidogo: ni mkubwa. "Nenda kamwone mkubwa." Neno limekaa pale likisubiri hadithi hii. Mkubwa anamfokea Akaky, si kwa sababu ana hasira naye, ni kwa sababu kuna mgeni chumbani na mkubwa anataka mgeni aone jinsi anavyofoka. Akaky anarudi nyumbani na homa, anakufa. Ofisini wanajua siku kadhaa baadaye, na kesho yake tu karani mwingine ameshakalia kiti chake.

Kisha unakuja mzuka unaonyang'anya watu makoti, mpaka unamvua mkubwa mwenyewe lake. Wapo wanaoona mwisho huo umebandikwa tu. Mimi nadhani bila mzuka hadithi ingekuwa ya huruma tupu, na huruma tupu ni kitu ambacho mkubwa anakimudu vizuri. Hata yeye alipata kumhurumia Akaky, alipokuwa hayupo.

Mjadala mkubwa kuhusu hadithi hii ni kama ina moyo au haina. Mhakiki wa Kirusi Boris Eikhenbaum aliandika makala mwaka 1919 kuonyesha jinsi Koti lilivyotengenezwa, na hoja yake ni kwamba tumedanganyika: hii si hadithi ya kumlilia mnyonge, ni mchezo wa sauti ya msimulizi, mizaha ya majina, sentensi zinazopaa kisha zinaanguka makusudi. Kuhusu majina yuko sahihi kabisa. Akaky Akakievich kwa sikio la Mrusi ni jina la kuchekesha, linakaribia neno la kitoto la choo. Msimulizi anajifanya kueleza eti mama mtu hakuwa na jina lingine la kuchagua.

Sasa hebu litamke jina hilo kwa Kiswahili. Akaky Akakievich. Ndani yake unasikia nini? Kaka. Kaka mara mbili. Na ile sehemu maarufu mwanzoni, wenzake wanapozidisha utani naye akawaomba wamwache, kuna kijana mgeni wa kazi anayeshtuka, na miaka mingi baadaye bado anaisikia sauti ile ikimwambia jambo ambalo Akaky hakulitamka: kwamba yeye ni ndugu yake. Gogol hakujua Kiswahili. Ni bahati ya sauti tu. Lakini lugha yetu imelichukua lile lile ambalo Eikhenbaum aliona ni mzaha na kuliunganisha na lile ambalo wengine waliona ni moyo wa hadithi. Mrusi akilisikia jina anacheka, Mswahili anasikia ameitwa. David Damrosch, katika kitabu chake cha mwaka 2003 juu ya fasihi ya dunia, anadai kuna maandishi ambayo hufaidika yakitafsiriwa badala ya kupoteza. Nilipokisoma nilidhani ni maneno ya kutufariji sisi tusiojua lugha za watu. Jina la Akaky ndilo lililonifanya nibadili mawazo.

Koti likaanza safari. Kuna msemo uliosambaa sana kwamba waandishi wote wa Urusi walitoka ndani ya Koti la Gogol. Watu humpa Dostoevsky sifa ya kuusema, ila aliyeueneza ni Mfaransa, Melchior de Vogüé, miaka ya 1880, akidai tu kumsikia mwandishi mmoja wa Kirusi. Hata msemo wa taifa wa kujisifia umepitia mkono wa mgeni! Lakini waliofanya kazi ya kweli ya ufundi walikuwa mbali zaidi.

Mwaka 1916 Akutagawa Ryunosuke, kijana wa miaka 24 huko Tokyo, alitoa hadithi inayohusu uji wa viazi vikuu. Goi ni mtumishi wa daraja la chini katika Japani ya kale. Pua nyekundu, nguo zimechuja, hata watoto wa mtaani wanamcheka. Ana tamaa moja tu maishani: kunywa uji huo mpaka ashibe, maana kwenye karamu za wakubwa huwa anaambulia kidogo. Bwana mmoja tajiri anasikia, anamchukua safari ndefu mpaka kwake, na asubuhi Goi anaamka na kukuta viazi vikuu vimerundikwa mlima na masufuria makubwa yanachemka. Vyote kwa ajili yake. Hamu inamwisha. Anabaki kumkumbuka yule Goi wa zamani, mpweke, anayechekwa, lakini mwenye kitu cha kutamani.

Kisa hicho Akutagawa alikitoa katika hekaya za zamani za Kijapani. Kitambaa ni cha kwao. Mshono ndio wa Gogol, na haufichiki: hata yule kijana anayeshtushwa na uso wa mnyonge yumo, safari hii ni samurai wa chini aliyetoka mikoani. Ila angalia fundi alichobadilisha. Gogol alimnyang'anya mtu wake kile alichokitamani. Akutagawa alimpa wake kwa wingi, na wingi huo ukawa wizi mbaya zaidi. Nikilazimishwa kuchagua kati ya hadithi hizi mbili nachagua Koti, kwa sababu Akutagawa ana akili nyingi na anapenda tuione. Lakini ukatili wa yule tajiri mkarimu haupo kwa Gogol, na sisi tunaoishi kwenye misaada na harambee tunaufahamu vizuri.

Miaka miwili baadaye, 1918, Lu Xun akachapisha hadithi yenye jina alilolichukua waziwazi kwa Gogol: shajara ya mwendawazimu. Ile ya Gogol, ya mwaka 1835, ni ya karani anayesoma barua za mbwa na kuishia kujitangaza mfalme wa Hispania. Mwendawazimu wa Lu Xun anaamini watu wote waliomzunguka wanakula nyama za watu. Anafungua vitabu vya historia, na kati ya mistari inayohubiri maadili anaona habari hiyo hiyo ya kulana. Halafu inamjia akilini kwamba huenda naye, bila kujua, alilishwa nyama ya dada yake. Hapo ndipo alipompita mwalimu wake. Karani wa Gogol ni mhanga wa vyeo, basi. Huyu anajikuta kwenye meza ya chakula.

Hadithi hiyo ina dibaji fupi iliyoandikwa kwa Kichina cha zamani cha wasomi, wakati shajara yenyewe iko katika lugha ya watu wa kawaida. Dibaji inatuambia msiwe na wasiwasi, mgonjwa alipona, na sasa amekwenda kusubiri kazi serikalini. Nilisoma mara mbili kabla ya kupigwa na maana yake. Amepona, kwa hiyo amekuwa karani.

Lu Xun hakusoma Kirusi. Fasihi ya Ulaya Mashariki aliifikia kupitia Kijapani na Kijerumani, na mwaka mmoja kabla ya kifo chake mwaka 1936 alichapisha tafsiri ya Kichina ya Roho Zilizokufa, riwaya kubwa ya Gogol, akitegemea lugha hizohizo. Nalisema hili kwa sababu nimeshakaa kwenye makongamano ya fasihi nikasikia wataalamu wakidharau tafsiri za Kiswahili zilizopitia Kiingereza, kana kwamba ni maziwa yaliyotiwa maji. Mwandishi aliyebadili fasihi ya taifa zima alifanya hivyohivyo. Suala ni fundi, na kama fundi anajua mwili wa mtu atakayevaa.

Gogol ameshatufikia kwa Kiswahili. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Christon Mwakasaka alitafsiri tamthilia yake iliyochezwa kwanza mwaka 1836, nayo tukaipata kama Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Jina la Kirusi ni neno moja tu, mkaguzi. Mtu anaweza kulalamika kwamba mfasiri ameongeza maneno. Mimi nasema ameongeza yaleyale yaliyohitajika. "Mkuu" na "wa Serikali" vimeligeuza jina kuwa kibao cha mlangoni. Unalisoma na mgongo unanyooka wenyewe. Na kisa, jamani: viongozi wa mji mdogo wanasikia mkaguzi anakuja kwa siri, wanamkuta kijana mmoja kutoka mji mkuu amekwama kwenye nyumba ya wageni bila hela ya kulipa, wanadhani ndiye, wanampa rushwa kwa jina la mkopo, mkuu wa mji anataka kumwoza binti. Wageni wa serikali wakija wilayani nani hajaona barabara ikifagiliwa na ukuta ukipakwa chokaa upande unaoonekana? Maigizo ya namna hiyo hayahitaji maelezo ya chini ya ukurasa.

Kuna hatari hapo, lakini. Tukisoma Mkaguzi na kucheka tu "kama hapa kwetu!", tumeishia nusu ya njia. Gogol alilijua hilo. Karibu na mwisho mkuu wa mji anawageukia watazamaji na kuwauliza wanamcheka nani. Tsar Nicholas I alihudhuria onyesho la kwanza na akaruhusu tamthilia ichezwe. Naye alicheka, na mfumo wake ukaendelea. Kicheko si lazima kiwe upinzani.

Kwa hiyo twende Dakar. Ousmane Sembène alichapisha hadithi yake ya hawala ya fedha mwaka 1966, na mwaka 1968 akaifanya filamu kwa Kiwolof. Ibrahima Dieng, hana kazi, ana wake wawili, anapata hawala ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia mitaa Paris. Nyingi si zake, elfu 2 tu. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, picha, stempu. Cheti kinataka tarehe, naye anajua tu kwamba alizaliwa karibu na mwaka 1900. Huku nyuma mtaa mzima umeshasikia ana pesa na wanakuja kukopa. Wake zake, ambao kusema kweli ndio wanaoiendesha nyumba ile na ndio watu wenye akili zaidi kwenye kitabu, wameshachukua mchele kwa mkopo. Mwisho anampa msomi mmoja idhini ya kumchukulia hizo fedha, na msomi anazila.

Sihitaji kuthibitisha kwamba Sembène alikuwa na Gogol mkononi. Dirisha ni lile lile. Lakini Sembène anaondoa vitu viwili. Hakuna mzuka wa kulipiza kisasi, na hakuna kijana anayesikia sauti ya ndugu. Dieng anachojifunza ni kwamba uaminifu ni kosa, na anaapa naye atavaa ngozi ya fisi. Amandina Lihamba aliichukua hadithi hii akaifanya tamthilia ya Kiswahili, Hawala ya Fedha, mwaka 1980. Kifaransa cha Senegali, kikapita Kiwolof kwenye filamu, kikafika jukwaani Dar es Salaam. Sijui balozi gani wa nchi gani kwenye ile orodha angebeba kitabu hiki.

Nilikisoma kwanza chuo, nikaandika insha juu ya "ukoloni mamboleo na urasimu", nikapata alama nzuri. Sikuwa nimekielewa. Nilikielewa miaka kumi baadaye nilipokuwa nikimsindikiza mzee wangu kwenye ofisi moja kufuatilia mafao yake. Faili halionekani. Njoo Jumatatu. Jina la kwenye cheti lina herufi moja tofauti na la kwenye kadi. Siku ya tano alivaa koti lake la suti, lile la harusi na misiba, akaniambia labda leo watamsikiliza. Tulikuwa na joto la Februari. Nikamtazama amekaa kwenye benchi na koti lile, bahasha mapajani, akinyanyuka kila mlango unapofunguka, na Akaky na Dieng wakanijia wote wawili kwa pamoja. Nilikuwa na kadi ya uandishi mfukoni. Niliitoa, mkubwa akatoka, faili likaonekana baada ya dakika ishirini. Wengine kwenye benchi walibaki.

Basi yule kijana nilimpa Koti, halafu Dieng, halafu Uji, halafu mwendawazimu wa Lu Xun, kwa mpangilio huo. Akitaka kuendelea yupo Jhumpa Lahiri, Mmarekani mwenye asili ya Bengali, ambaye katika riwaya yake ya mwaka 2003 baba anaokolewa kwenye ajali ya treni kwa sababu ya kurasa za Koti alizokuwa nazo mkononi, akampa mwanawe jina Gogol. Riwaya yenyewe inapoa katikati, ila mwanzo wake haukuachii.

Juzi alirudi. Alikuwa amemaliza Koti, na hakuwa na neno juu ya mkubwa wala mzuka. Alichotaka kuzungumzia ni Petrovich, yule fundi mlevi. Baada ya kumkabidhi Akaky koti jipya, Petrovich anatoka nje, anasimama barabarani akilitazama linavyokwenda, kisha anakatisha uchochoroni mbio ili atokee mbele alione tena kwa upande wa usoni. Kijana akaniuliza kama nililiona hilo nilipokisoma mara ya kwanza. Sikuliona.